Msomaji Anauliza: Nimeletewa kadi ya kripto iliyokwisha hakikiwa, ninunue?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi niko Mbeya mjini, nadizaini logo kwa wateja wa nje na wananilipa USDT, ile sarafu ya kidijitali (kripto) inayofuata thamani ya dola. Kuna dalali pale Mwanjelwa anauza kadi ya Visa ya kripto laki na ishirini, anasema imeshahakikiwa, mi natia USDT tu naanza kuchanja, hakuna cha NIDA wala selfi. Tena aliingiza namba ya kadi kwenye saiti fulani mbele yangu ikawaka kijani kwamba iko sawa. Nichukue?

JIBU: Usichukue kaka. Tuanze na hiyo kijani maana naona ndo imekulainisha. Tarakimu ya mwisho ya kadi ni ya ukaguzi tu, unaanzia kulia, kila tarakimu ya pili unaizidisha mara mbili, ikivuka 9 unatoa 9, halafu unajumlisha zote, jumla ikigawanyika kwa 10 basi namba "iko sawa". Hesabu hiyo ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, hataza yake ilitoka 1960, na kazi yake ni kumnasa mtu aliyekosea kutaipu. Hata wewe na kalamu yako utatunga namba inayopita leo hii, na haitakuwa na akaunti wala senti.

Sasa kadi zenyewe zinatokaje. Kampuni ya kripto unayoiona kwenye app kwa kawaida sio inayotoa kadi, nyuma yake kuna benki au taasisi yenye leseni ambayo ni mwanachama wa Visa au Mastercard, na zile tarakimu 6 au 8 za mwanzo ndo zinamtambulisha huyo mtoaji. Yeye sheria za utakatishaji fedha zinambana, kwa hiyo lazima amjue mwenye kadi: kitambulisho au pasipoti, selfi ya kugeuza geuza kichwa, na mara nyingi uthibitisho wa makazi. Hapo kwenye makazi ndo wengi wetu tunakwama, umepanga chumba Soweto hapo Mbeya, bili ya maji ina jina la mwenye nyumba, utapeleka nini? Na leseni ya mtoaji ina nchi zake, Tanzania ikiwa haimo hata uwe na nyaraka zote hupati.

Kwa hiyo kadi ya dalali kuna mtu alishapigwa selfi yake, na akaunti ni ya huyo. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji ukilipia mtandaoni inaenda kwenye simu aliyosajili yeye, akitaka anabadilisha nywila usiku umelala na USDT zako zimo. Mtoaji naye akiomba selfi upya utapeleka sura ya nani?

Halafu usidhani dukani watapokea kripto. Ukichanja, app inauza USDT yako palepale, inakuwa dola au yuro, mtandao wa kadi unageuza tena, mwenye duka anapata shilingi zake. Kila kituo kina makato, na ATM ina yake. Benki Kuu (BoT) nao walishatangaza Novemba 2019 kwamba fedha halali hapa ni shilingi, kwa hiyo ukipigwa sijui utaenda kumlalamikia nani.

Ukitaka, omba kwa jina lako, ila kwanza soma masharti uone mtoaji ni nani na kama Tanzania imo.

SWALI: Kadi yangu ya kripto imezima ghafla, salio kwenye app linaonekana. Nimeibiwa? (Makambako)

JIBU: Si lazima dada. Januari 2018 Visa waliikata WaveCrest ya Gibraltar, mtoaji wa kadi za kampuni kadhaa za kripto, zote zikafa kwa mpigo ingawa salio za watu zilibaki kwenye kampuni zao. Waandikie uwaulize kama wamebadili mtoaji, ila kabla hujangoja jibu jaribu kuhamisha salio kwenye waleti (pochi ya kripto) ambayo funguo zake za siri unazishika wewe, sio kampuni.