Sumu ya bakteria inapita kwenye mfereji au mrija?

Kuna dada anasoma biolojia hapa Dar kaniuliza: "Mwalimu, kwenye utando wa nje wa bakteria kuna njia ya kupitishia protini, niiite mfereji? Na protini 'zinatolewa' au nisemeje?" Nimekaa na swali hili siku mbili, zuri sana.

Dada yangu, mfereji hapa hapana. Mfereji kwa mtu wa Dar ni ule wa kuchimbwa, uko wazi juu kama mtaro, maji yakipita unayaona, na ukivuka Zanzibar ukisema mfereji unaonyeshwa bomba la maji. Sasa hiki chako kimezibwa pande zote. Chukua cha bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, kinaitwa sekretini: vipande 15 vya protini ileile vimekaa duara, kila kipande kinaleta nyuzi 4, jumla 60, zimepangana ubavu kwa ubavu mpaka zikafanya ukuta wa mviringo, katikati uwazi. Huo ni mrija kabisa, kama wa kunywea soda, na neno tumeshalizoea kwenye mirija ya uzazi kwahiyo hakuna atakayeshtuka.

Ila mrija wa soda hauna kitu ndani, huu una kizuizi kinachoufunga, na sumu ya kipindupindu, ambayo nayo ni protini, haipiti kama uzi ulionyooka, inapita ikiwa imeshakunjwa na kuunganishwa kamili, yaani kizuizi lazima kiachie nafasi kubwa. Hicho kiite lango. Mlango ni wa chumbani, lango ndo la kupitisha mzigo.

Kitenzi sasa, hapa ndo penye utamu. "Kutoa" si kosa, lakini shuleni tumekariri "kutoa taka mwilini", kwahiyo msomaji atadhani bakteria anajisafisha, wakati ile sumu kaitengeneza mwenyewe ikafanye kazi nje. Swila tunasema anatema sumu, basi na bakteria anatema, sumu inatemwa. Kama ni vimeng'enya tu, kutema kutakuwa kukali mno, sema "kupitisha nje" inatosha.

Andika hivi: "Bakteria anatema sumu kupitia mrija wenye lango kwenye utando wake wa nje." Isome kwa sauti uone inavyoteleza. Na ni "anatema", sio "inatema", bakteria ni kiumbe hai yule, mpe ngeli yake.