Komiki za Marekani au manga: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza mgeni wa komiki aanze na zipi: za Marekani, au manga, yaani komiki za Kijapani. Mimi ningekupa manga kwanza, na sababu kubwa ni mtunzi. Chukua manga ya Fullmetal Alchemist: ilitungwa na kuchorwa na mtu mmoja, Hiromu Arakawa. Ilianza 2001, ikaisha 2010, juzuu 27 basi. Unafungua ya kwanza, unafunga ya mwisho, hadithi imekamilika. Batman, shujaa wa komiki za Marekani, yupo tangu 1939, na amepita mikononi mwa waandishi na wachoraji wengi mno. Mhusika ni mali ya kampuni, hadithi hailazimiki kufika mwisho, na msomaji mpya hajui ashike uzi upi.

Usiogope kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, jicho huzoea baada ya kurasa chache. Ninachokipenda zaidi kwenye manga ni ukimya: ukurasa mzima bila neno, mvua tu, au uso wa mtu anayefikiri. Hapo huwa nasimama kidogo kabla ya kufunua.

Rangi za komiki za Wamarekani ni nzuri kweli, siwanyimi haki yao. Ukitaka ya kwao yenye mwisho, tafuta Watchmen: matoleo 12 tu, 1986 hadi 1987.