Biti Yako Ikipewa Mwingine

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, prodyuza amempa msanii mwingine biti yangu. Naacha muziki." Biti, yaani ule mdundo anaoimbia msanii. Niliusoma ujumbe huo nikiwa kitandani, usingizi ukapotea. Maana hata mimi niliwahi kuacha, na kwa sababu hiyohiyo.

Nilikuwa nabeba mizigo soko la Kongowea, Mombasa. Jioni naenda studio, nasikilizishwa biti, narudi nyumbani nikiandika mistari kwenye daftari la shule la mdogo wangu. Wiki mbili baadaye nimo kwenye matatu ya kwenda Likoni, naisikia biti ileile, sauti si yangu. Nilishuka kabla ya kufika. Nikaenda studio, nikapiga kelele, nikamtukana mtu aliyenizidi umri. Miaka minne sikushika maiki. Hadi leo nikilikumbuka lile gari, kifua kinanibana.

Kilichonirudisha ni harusi moja Bombolulu. Dijei aliweka ridimu ya Diwali, yaani biti ya Kijamaika, yale makofi ya mdundo wake unayajua, hata kiti kinataka kucheza. Akaanza na Sean Paul, "Get Busy". Akamwingiza Wayne Wonder, "No Letting Go". Kisha Bounty Killer, "Sufferer". Biti haikubadilika, na hakuna aliyekwenda kukaa. Ngoma hizo nilizijua tangu utotoni, lakini usiku ule ndipo nilipozisikia zikiwa zimepangwa foleni.

Ridimu ile ni kazi ya Mjamaika Steven "Lenky" Marsden, na ina jina la sikukuu ya Wahindu. Sean Paul aliyakimbiza maneno sambamba na makofi, na mwaka 2003 akashika namba moja Marekani. Wayne Wonder hakushindana na makofi hayo. Aliimba taratibu juu yake, mapenzi matupu. Bounty Killer akaleta shida za mtu maskini. Elephant Man naye alikuwemo. Lumidee, binti wa New York, akaimba kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejiimbia jikoni, na dunia ikamsikiliza. Kule Jamaika ndivyo wanavyofanya kazi: ridimu moja, wasanii tele, na kila mmoja anajulikana kwa chake.

Basi nikarudi kwa yule prodyuza. Nikamwomba radhi, nikaomba biti ileile. Alicheka, akaniwekea. Mwenzangu alikuwa ameimba starehe, mimi nikaimba Kongowea, magunia na mgongo wa mama. Ngoma hiyo inapigwa kwenye matatu za Likoni mpaka leo, na nasema hivi bila kuona haya.

Kwa hiyo wewe unayelia, sikiliza. Kama mlikubaliana biti iwe yako peke yako na ukalipa, dai haki yako, na safari nyingine andikianeni mkataba. Kama hamkukubaliana, biti si mke. Msikilize aliyekutangulia, ujue amekimbilia wapi, nawe usimfuate huko. Akiimba haraka, wewe tulia. Usiibe melodi yake. Imba la kwako, la mtaani kwako, ambalo yeye hawezi kuliimba. La kwako! Wangapi wameweka vipaji kabatini kwa hasira ya siku moja? Mimi nilipoteza miaka minne, na hakuna wa kunirudishia.

Mdogo wangu, chukua biti hiyohiyo leo usiku. Rekodi kwa simu tu, hata mbwa wakibweka, kisha unitumie. Naisubiri.