Nilimwacha mwalimu aliyenilea: jibu kwa dada wa Bagira, Bukavu

"Yaya, dada yangu mkubwa, jambo. Niko na miaka kumi na saba, mkanda wa bluu wa judo. Mwalimu wangu hanisalimii tangu nipoteze fainali. Kuna klabu nyingine inanitaka. Nikienda nitakuwa msaliti? Wewe uliwezaje?"

Ujumbe huo uliingia Jumapili jioni nikifua kimono changu cha judo. Niliusoma mara tatu, maji ya sabuni yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilitaka kumjibu kwa maneno mawili nimalizane naye, lakini jambo lenyewe hata mimi bado limenikaa kooni. Basi dada, jibu lako hili hapa, refu kidogo. Na ninyi wengine mnaofukuzia medali hapa Bukavu, najua mko wengi, sikilizeni humohumo.

Mwalimu wangu wa kwanza alinipokea nikiwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tunafanyia mazoezi ndani ya ghala la zamani, na tatami yetu, yaani mkeka wa kupigania, ilikuwa shitingi ya bluu iliyotandikwa juu ya unga wa mbao, kingo zimekandamizwa kwa matairi ya gari. Upande wa dirisha ilikuwa na tobo lililozibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ukiangushwa pale, unga unatoka fyuu, unakuingia puani, na unaendelea na randori, mazoezi ya kupigana na mwenzako, huku unapiga chafya. Mwaka mzima wa kwanza hakunidai hata franka moja. Mama yangu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu; mtaji ulipomkatikia, mwalimu ndiye aliyenilipia shule. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili mtu asije akasema namtukana mzee. Alinilea. Ndiyo maana kuondoka kulinichukua miaka miwili.

Nilipotimiza kumi na tisa mwili wangu ulikuwa umetulia kwenye kilo 58. Yeye akaamua nipigane chini ya 52. Chini ya 57, ambako kwa kupungua kidogo tu ningeingia, alikuwa na msichana mwingine na hakutaka tukutane, maana alihitaji medali mbili, si moja. Kilo sita! Nilivaa koti la mvua juu ya sweta mbili nikapanda na kushuka kutoka Nyawera hadi Kadutu, na aliyeupanda mlima ule anajua hata mikono mitupu unakutoa pumzi. Siku mbili za mwisho sikunywa maji, nililowesha midomo kwa kitambaa. Usiku wa kuamkia kupima nilikaa na kikombe nikitema mate. Mizani ikasema 51.9, mwalimu akapiga makofi.

Hayo yalikuwa mashindano ya Goma. Pambano la kwanza, dakika ya pili, nikabanwa chini kwa osaekomi, mgongo umelaliwa. Sekunde ishirini ndizo zinazotosha mtu apewe ippon, alama inayomaliza pambano, na ukiwa mgongoni zinatosha pia kuhesabu taa zote za ukumbi. Nilizihesabu, zilikuwa tisa na moja imeungua. Nilipotoka kwenye tatami, mbele ya watoto wa klabu, mwalimu aliniambia: "Wewe ni shimo. Nimetupa miaka yangu ndani ya shimo." Kisha akawakataza wenzangu kunisemesha hadi tufike nyumbani.

Tulirudi kwa meli ya usiku. Mnaojua Ziwa Kivu usiku mnajua baridi yake. Nilikaa peke yangu karibu na magunia ya viazi, nimejifunika kimono chenye unyevu. Karibu na usiku wa manane katoto kamoja ka klabu, mkanda wa njano, kakapita kama kanaenda msalani, kakaniangushia mapajani kipande cha chikwanga, mkate wa muhogo, kilichofungwa kwenye jani. Hakakusema neno. Hako katoto leo kana mkanda wa kahawia, na kakinisoma hapa kajue sijasahau.

Hapo ndipo ningetoka, sivyo? Sikutoka. Nilibaki miezi mingine minane, nikijiambia ndivyo ubingwa unavyopikwa. Na mama alikuwa akiniuliza kila nilipogusia: "Mwanangu, yule mzee alikulipia masomo. Utamwacha kwa uso gani?" Sikuwa na jibu.

Kilichonifungua macho ni habari ya mtu wa hapahapa kwetu. Popole Misenga amezaliwa Bukavu. Vita vilimkimbiza akiwa mtoto, judo akakutana nayo Kinshasa. Mwenyewe amesimulia kwamba wakati ule, mwanamichezo akipoteza, walimfungia ndani ya kizimba na kumlisha mkate na kahawa. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, na huko akabaki, yeye na Yolande Mabika, naye wa Bukavu. Kule wakapokelewa na mwalimu mmoja Mbrazili, Geraldo Bernardes. Mwaka 2016 wote wawili wakawa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Popole, uzito wa kilo 90, alimshinda Mhindi Avtar Singh, kisha akaangushwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa bingwa wa dunia. Niliitazama video ya pambano hilo la pili kwenye simu ya binamu yangu. Amepoteza, na ukumbi mzima unampigia makofi. Nililia kama mjinga, nikiwaza magunia yangu ya viazi.

Basi nikaanza kutafuta. Habari za barua ya kuachiliwa na leseni sitawachosha nazo, ni karatasi na mihuri na "rudi kesho".

Klabu ya kwanza niliyotembelea ina tatami za kweli na mwalimu ambaye picha zake na medali zimejaa ukutani. Nilifanya mazoezi pale wiki moja. Siku zote sita alikuwa kwenye simu. Nilimwangusha msichana wake bora kwa uchi-mata safi, ule mtupo wa paja, mgongo wote chini (siyo kwamba najisifu, waliokuwepo wanajua), naye hakuinua macho. Wa pili alinipokea kwa soda, akaniita "bingwa wetu", akaniambia ana njia ya kunipeleka kwenye mashindano ya Ulaya, nitangulize dola mia tatu za kutengenezea karatasi. Alitaka pia tuyazungumze jioni, kwake, sisi wawili tu. Soda niliimaliza, nikaondoka. Wasichana, hapa nisikilizeni vizuri: mwalimu mwenye mambo ya halali huyasema mchana, mlango wazi, mbele ya mama yako. Asiyeweza kuyasema mbele ya mama yako hana judo ya kukufundisha hata akiwa na mkanda mweusi wa dani saba.

Wa tatu sikumtafuta. Nilimwona kwenye mashindano madogo ya klabu za mji, nikiwa jukwaani na bega limefungwa bandeji. Ni mama wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, ana sauti ndogo. Nadhani mnajua sheria: mchezo ukiwa unaendelea kocha anyamaze, aseme tu mwamuzi akishatamka matte, simameni, hadi atamke tena hajime, anzeni. Kwetu waamuzi wengi wanalegeza, na mwalimu wangu alipiga kelele mwanzo hadi mwisho, nami nilikuwa nimezoea kupigana nikiwa na redio sikioni. Yule mama alikaa kimya, mikono magotini. Matte ikaitwa. Kijana wake alikuwa nyuma kwa waza-ari, alama iliyo chini ya ippon, anahema. Mama akamwambia: "Pumua. Mkono wa kushoto uko juu mno." Basi. Kijana akapoteza vilevile, dakika za mwisho. Alipotoka, mama alimfunga mkanda uliolegea, akampa maji, wakakaa. Nilisogea nisikie wanasema nini. Alimwuliza: "Ulihisi nini alipokushika kola?"

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilihisi nini.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada, ni huo: usimwangalie mwalimu na mshindi wake, mwangalie na aliyepoteza. Na mshindi kila mtu anapendeza. Nenda kwenye mashindano ambayo wewe huchezi, kaa karibu na njia ya kutokea, subiri wanaotoka wamepoteza. Utajua ndani ya dakika moja. Sikiliza pia anasema nini kwenye matte. Akikwambia kitu unachoweza kukifanya kwa mkono au kwa mguu, huyo ni mwalimu. Akikwambia "unaniaibisha", huyo anajipigania mwenyewe kwa kutumia mgongo wako. Usidanganywe na tatami, wala na medali za ukutani, hizo ni za mgongo wake, siyo wako. Nimelisema tayari na nalisema tena: mwangalie na aliyepoteza.

Na wazazi, ninyi mnaosema mtoto avumilie kwa sababu mwalimu alimsaidia, nawaheshimu, lakini msaada haununui mtu. Shule ililipwa, asante, Mungu amzidishie. Mwili wa mtoto haukuwa kwenye risiti.

Huyo mama alinirudisha kwenye ukemi, kuanguka tu, wiki tatu, mimi mwenye mkanda mweusi katikati ya watoto wa miaka minane. Nilichukia. Bega likapona. Siku hizi napigana chini ya 57 na nakunywa maji yangu kama binadamu. Matokeo yameonekana, wanaofuatilia judo ya mji huu wanajua nani alisimama juu kabisa mara ya mwisho, na alimwangusha nani nusu fainali. Msichana yuleyule niliyefichwa nisikutane naye. Seoi-nage, mtupo wa begani, ippon. Sikusherehekea. Au nilisherehekea kidogo.

Sasa umeniuliza utakuwa msaliti. Utaitwa hivyo, jiandae. Mimi bado naitwa. Tukikutana Nyawera mwalimu wangu anavuka barabara, na mimi kila mara namwita, "Maître, jambo," nikimsemesha mgongo. Lakini nilikwenda kumwambia mwenyewe, hakusikia kwa watu. Nilikwenda asubuhi, saa moja. Nilimkuta kapiga magoti upande wa dirisha, anaziba upya lile tobo. Kabla sijafungua mdomo akasema: "Shika hapa." Nikapiga magoti, nikaukandamiza mpira kwa vidole gumba huku yeye akipaka gundi. Tulikaa hivyo hadi ikashika, labda dakika kumi. Nikamwambia. Hakuniangalia. Akafunika kopo la gundi, akasema: "Ufunguo uweke pale."

Nilikuwa na ufunguo wa ghala tangu nina miaka kumi na nne. Niliuweka juu ya tairi.

Kwa hiyo nenda asubuhi, dada, kabla wenzako hawajafika. Na kama una ufunguo wao, utoe kabisa kwenye mnyororo wako ukiwa bado nyumbani, maana pale mikono itatetemeka. Mimi ulinichukua muda mrefu kuutoa, na yeye alisimama akisubiri.