Nakshi za siti ya pikipiki zinafifia: angalia ngozi kwanza

Ndugu, umesema maua unayogonga kwenye ngozi ya siti ya pikipiki yanafifia baada ya siku chache. Naona shida si mkono wako, ni ngozi. Tazama ukingo uliokatwa: katikati pakiwa na rangi ya samawati au kijivu, hiyo imesindikwa kwa kemikali ya kromu, na haishiki alama vizuri. Tafuta iliyosindikwa kwa maganda ya miti kama muwati, unene wa milimita 3 hadi 4. Ukiidondoshea maji, huyanywa na rangi yake hukolea papo hapo.

Ilowanishe kwa sponji, kisha subiri. Hapo ndipo wengi hukosa uvumilivu! Anza kugonga pale rangi inapokaribia kurudi ya awali, lakini ukiigusa bado ina ubaridi. Kisu cha kukatia mistari ya mchoro kisiingie zaidi ya nusu ya unene, na nyuma bandika selotepu pana ili ngozi isitanuke. Maua yakae mbali na kona, maana huko ngozi huvutwa na mchoro unapinda. Shona kwa mkono, sindano mbili, uzi wenye nta. Ukimaliza, paka nta ya nyuki, na mvua ikinyesha funika siti.