Mkubwa Aseme Mwisho

Wiki hii mmeuliza: familia ifanyeje ili babu, wazazi na wajukuu watoe misaada pamoja, badala ya mmoja kutoa kwa niaba ya wote? Kiasi cha fedha ni jambo dogo. Kubwa ni nani anaamua. Mjukuu akiitwa kikaoni kupigia makofi uamuzi uliokwisha kupitishwa, mwaka wa pili mtamtafuta.

Kabla ya kujadili nani apewe, gaweni mfuko wa misaada wa familia mafungu kumi. Sita yaamuliwe na kikao kizima. Matatu yagawanywe sawasawa kwa kila mwanafamilia, atoe anakopenda. Moja libaki akiba ya dharura, maana mafuriko hayasubiri kikao. Yale matatu ndiyo darasa lenyewe: mtoto wa miaka minane apate sawa na bibi yake, na asipingwe, ilimradi anayepewa anafahamika na fedha itamfikia. Akichagua vibaya, mwacheni aone matokeo, kisha aulizwe angefanyaje tena.

Familia za Kiislamu zisichanganye mfuko huu na zaka. Zaka ya fedha ina kiwango chake, asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) na kupitiwa na mwaka, na ina makundi manane ya wanaostahiki. Haipigiwi kura. Penye nafasi ya mjadala ni kwenye sadaka.

Kikao kiwe mara mbili kwa mwaka, kisizidi saa moja na nusu. Mapendekezo yasipite matatu, kila moja ukurasa mmoja wenye majibu manne: nani atafaidika, fedha itanunua nini hasa, nani atawajibika kwayo, na baada ya miezi sita tutajuaje kama imefanya kazi. Msemaji wa kwanza awe mdogo kuliko wote, mkubwa afunge. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu mzee amezoea kufungua mazungumzo. Mpeni kazi nyingine mwanzoni: asimulie ukoo ulimsaidia nani zamani na nini kilishindikana, ila asiguse mapendekezo ya leo.

Kura isiwe ya kunyoosha mikono. Mtoto akiona mkono wa babu umeinuka, na wake unafuata. Kila mtu apewe kete kumi azigawe apendavyo katika bakuli tatu zilizofunikwa, moja kwa kila pendekezo. Fedha ya yale mafungu sita igawanywe kwa uwiano wa kete, ila pendekezo lililopata chini ya moja ya kumi ya kete zote liachwe, kwani kiasi kidogo mno humsumbua mpokeaji kuliko kumfaa.

Walio chini ya miaka minane wachague kati ya mambo mawili tu. Kuanzia minane waulize maswali wenyewe, na kuanzia 13 wafundishwe kusoma hesabu za shirika: salio la mwanzo, mapato, matumizi, salio la mwisho. Msiwazoeshe kuuliza tu ofisi inakula asilimia ngapi. Shirika linalomlipa mhasibu mzuri huonekana ghali kuliko lisilo na mhasibu kabisa.

Mifuko mingi huvunjwa na shida za ndugu. Jamaa mwenye deni la karo akiletwa kikaoni, watoto wanageuka mahakimu wa umaskini wa binamu yao. Tengeni fungu jingine la jamaa, nje ya yale kumi, lisimamiwe kimya na watu wazima wawili. Suala la wakwe kupiga kura nalo liandikwe mapema, kabla ya harusi ijayo, si baada yake.

Msihamehame pia. Mpokeaji mmoja kwa miaka mitatu, mkianza na kiasi kidogo, atawaambia hata yaliyomshinda. Wa mara moja atawatumia picha za tabasamu. Walio mbali watume mgawo wa kete zao kwa mhesabuji peke yake, wasiuandike kwenye kundi la simu, maana wa kwanza kuandika huwa amewapigia kura wengine wote.