Swali la lugha: inakadiriwa, takribani, hivi... chagua moja

Msomaji kauliza, kwenye habari za viwanja vya ndege tuandike urefu wa njia ya kurukia "unakadiriwa" au "unakisiwa"? Jibu fupi: kukadiria ni kufikia kiasi kwa hesabu au vigezo, kukisia ni kubahatisha tu. Yote mawili asili yake Kiarabu, na kisia ni jamaa ya kiasi, kwa hiyo zamani nayo ilikuwa na kipimo ndani yake, basi imeporomoka. Tuendelee.

Maana swali limenikumbusha sentensi inayonichefua kila nikikutana nayo: "Njia hiyo inakadiriwa kuwa na urefu wa takribani mita 2,438 hivi." Jamani. Inakadiriwa na nani? Lami ipo pale chini, haihami, wapimaji wameshapita na vyombo vyao na urefu umechapishwa marubani wausome. Halafu takribani, ambayo ni ndugu wa damu wa "karibu", inakaaje na 2,438? Ukisema takribani sema 2,400, ukijua mpaka ile nane ya mwisho basi unajua, tamka! Bado akaona haitoshi akatia "hivi". Yaani watu watatu wamejibana chini ya mwavuli mmoja na mvua yenyewe hainyeshi. Naapa alichofanya ni kugeuza futi 8,000 kuwa mita kwa simu, akaliogopa jibu lake mwenyewe.

Kinachokadiriwa ni kingine kabisa, ni urefu ambao ndege inauhitaji. Huo haujalala chini uupime kwa kamba, unabadilika kwa uzito, joto, upepo, mteremko, na uwanja upo juu kiasi gani. Chukua ndege inayohitaji mita 1,800 usawa wa bahari kwenye nyuzi joto 15. Mwongozo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wa kupangia viwanja unaongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za kwenda juu, kwa hiyo uwanja ulio mita 1,500 juu ya usawa wa bahari unadai njia ya mita 2,430, na ile njia yetu ya 2,438 inatosha kwa kubana pumzi. Sasa jua lipige nyuzi 25 wakati kawaida ya kimo hicho ni kama 5, unaongeza asilimia 1 kwa kila nyuzi iliyozidi, umeshafika karibu 2,900 na lami imekwisha zamani, maana hewa ya juu na ya moto ni nyepesi, mabawa na injini vyote vinapungukiwa. Na hayo ni makadirio ya mpangaji tu, rubani yeye anarudi kwenye majedwali ya ndege yake kila safari, mpaka ile spidi ambayo akishaivuka hasimami tena hata injini moja ikizima.

Kwa hiyo "rubani alikisia urefu" (nimeisoma kwa macho yangu) hapana, akikisia mwacheni apande peke yake.

Takriban au takribani? Zote zinaandikwa, nilishachoka kugombana, bandika hiyo i ukipenda. Ila "hivi" ifute.